Sahani Tupu za Mama Baridi

Mama Baridi hakuwahi kuona theluji. Watu wa taasisi walilifanya mzaha miaka yote, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, maana hakuna aliyeishi na ncha ya dunia muda mrefu kama yeye. Profesa alifika huko mara moja tu, siku arobaini, akarudi na pua iliyobabuka na hadithi za kumtosha mpaka uzeeni. Mama Baridi akabaki na mawe. Miaka ishirini na miwili aliyatunza, ndani ya chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido, amevaa makoti mawili na soksi za marehemu mumewe, huku nje watu wakijipepea kwa magazeti.

Na mawe hayo usiyadharau. Yalikuwa kumi na moja, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi nene, na juu ya kila jiwe kuna kigaga. Wewe umeshakiona kigaga hicho, cha kijivu, saa nyingine cha manjano, kimeng'ang'ania mapaa ya zamani na makaburi yasiyofagiliwa. Wasomi wanakiita likeni. Ukikitazama unadhani ni kitu kimoja, kumbe ni nyumba ya wawili: kuvu ndiye mwenye kuta, na mwani ndiye mpishi, maana yeye ndiye anayejua kugeuza mwanga kuwa chakula. Huko kwenye barafu, ambako hata majani yamekata tamaa, hawa wawili wanaishi, na kwa mwaka mzima hawaongezeki hata unene wa ukucha. Kigaga cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuwa kilianza kuota kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Profesa alikuwa akitafuta wapangaji. Alisema nyumba hii ya wawili ina wakazi wengine ambao hakuna aliyewahesabu, bakteria wadogo wasioonekana, na kwamba bila wao kuvu na mwani wasingemaliza hata msimu mmoja. Alitaka kujua ni akina nani na wanafanya nini mle ndani. Ili umjue mpangaji ilibidi umtoe nje, umpe chakula, umngoje aote mpaka aonekane kwa macho. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya Mama Baridi.

Sasa jamani, huyu mama hakusomea chochote. Aliingia pale kama mfagizi na mwosha vyombo. Siku moja Profesa akahesabu vyombo vya kioo akakuta kwa mwaka mzima hakuna hata kimoja kilichovunjika, jambo ambalo halijapata kutokea. Akauliza, "Nani anaosha hivi?" Wakamsukuma mbele, mikono bado ina povu. Profesa akamwambia aache ufagio, kesho aje na koti. Alikuja na koti, amemshika mkono bintiye wa miaka mitano.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la taasisi. Alikufa barabarani, asubuhi kweupe, binti yao akiwa na miaka saba. Tangu hapo mtoto akitoka shule alikuwa anapitia maabara moja kwa moja, anakaa chini ya meza ya mizani, anafanya hesabu zake huku mama yake akisaga mawe. Wafanyakazi wakaanza kumwita Dokta. "Dokta kala?" "Dokta kalala wapi leo?" Ilianza kama utani wa kumfuta machozi mtoto aliyefiwa, lakini jina likamkaa mwilini. Alimaliza shule, akaenda chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza na ya pili, kisha akarudi pale pale kwa Profesa kufanya ya uzamivu juu ya wapangaji wa likeni. Siku aliyorudi Mama Baridi alijifungia chooni akalia, akatoka amenawa uso, akasema ni vumbi la mawe.

Ngoja nieleze jinsi kazi ilivyofanyika, maana bila hilo hutaelewa lililompata.

Unakwangua kipande cha likeni, kiasi cha punje ya dengu. Unakiosha kwa maji ya baridi sana, unakisaga kwenye kinu kidogo cha kaure, unaongeza maji, kisha unapakaza matone juu ya sahani za jeli, zile za plastiki zenye kifuniko. Maji yalichemshwa kwa mvuke mpaka hakuna kilichobaki hai, ndipo yakamiminwa kwenye pipa lenye bomba ndani ya chumba cha baridi, yapoe. Sahani zinaingia kwenye kabati la baridi, nyuzi nne, na hapo unangoja. Vijidudu vya huku kwetu, vya mikononi na puani, vinaota siku mbili tu, vina pupa kama wageni wa harusi. Wa barafuni hawana haraka na mtu. Unawangoja wiki nane.

Na pembeni ya sahani zote lazima pawe na moja tupu. Hiyo nayo unaifanyia yote: kinu kile kile, maji yale yale, tone lile lile, ila likeni huweki. Kwa nini? Kwa sababu ikiota kitu, ujue hicho kitu hakikutoka kwenye jiwe. Kimetoka kwako, au kwenye kinu, au kwenye maji, na kazi yote ya siku hiyo ni ya kutupa. Sahani tupu ndiye shahidi. Kulikuwa na daftari lake peke yake, lenye safu nne: wiki ya pili, ya nne, ya sita, ya nane.

Kabati lilikuwa dogo. Mwaka ule wa kwanza sahani zilijaa mpaka mlango haufungi, Profesa akapita akasema, "Mama Baridi, toa visivyo na kazi." Akaenda zake kufundisha. Mama Baridi akatazama. Sahani zenye likeni hawezi kuzitoa, bado zinangojwa. Akatazama zile tupu. Wiki mbili zimepita na ni safi kama zilivyoingia. Uchafu wowote alioujua yeye, na aliujua sana maana alikuwa mfagizi, ungekuwa umeshaota siku ya tatu. Akazitoa. Kwenye daftari akaandika "safi" chini ya wiki ya pili. Halafu, kwa kuwa safu haziwezi kubaki wazi na Profesa hapendi safu zilizo wazi, akaandika safi, safi, safi, mpaka ya nane. Mwandiko mzuri, wa kuinama kidogo.

Ikawa ndiyo desturi, miaka ishirini na miwili. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na baada ya mwaka wa tatu hakukumbuka tena kwamba kuna jambo la kukumbuka. Mkono ulikuwa unaandika wenyewe.

Na kwenye sahani zenye likeni, kila mara, kuanzia wiki ya sita, vilitokea vidoa vya waridi. Vidogo, vinang'aa, vya mviringo. Jiwe la kwanza waridi, jiwe la tano waridi, jiwe la kumi na moja waridi. Profesa alipoviona mara ya kwanza alimshika Mama Baridi mikono yote miwili wakazunguka chumba kama watoto. Mpangaji kapatikana! Akaandika makala, akaalikwa kuhutubia. Wakamwita kijidudu chao Waridi, na Dokta akiwa chini ya meza akamchora na macho na miguu.

Alipokua ndiye aliyemchukua Waridi kuwa kazi ya maisha yake. Tasnifu yake yote ilisimama juu ya nguzo moja: kwamba Waridi anaishi ndani ya likeni za mawe yote kumi na moja, na kwamba ndiye anayewalisha wenye nyumba kile wasichoweza kukipata kwenye mwamba mtupu. Kwa ajili hiyo alihitaji kusaga, na mwaka uliotangulia walisaga punje za mwisho. Mawe yakabaki meupe. Mama Baridi aliyafuta kwa brashi, akayarudisha kwenye bahasha zake.

Kisha akaugua. Kifua kilikuwa kinamsumbua siku nyingi, na chumba kile hakikumpenda. Kichomi kikamlaza wiki tatu hospitalini na nne nyumbani. Dokta akamkalisha kitandani kwa amri, "Mama, ukiinuka nakufungia mlango." Alikuwa akimpikia uji asubuhi, anakwenda kuandika, anarudi jioni kumsugua mgongo. Zilikuwa wiki nzuri, ukiondoa kikohozi. Kutetea tasnifu kulibaki siku kumi na tisa Mama Baridi aliporuhusiwa kurudi kazini.

Alianza na kabati, kama kawaida yake. Kabla hajaugua walikuwa wamepakaza sahani za mwisho kabisa, za mabaki ya maji ya kusagia. Akazitoa moja moja. Waridi, waridi, waridi. Halafu nyuma kabisa, rafu ya chini, mkono ukagusa sahani ambayo haikutakiwa kuwepo. Ilikuwa na mwandiko wake juu ya kifuniko: TUPU. Hakuna aliyeitoa wiki ya pili, kwa sababu mtoaji alikuwa hospitalini. Ilikuwa imekaa wiki ya saba.

Akaiinua kwenye taa. Vidoa sita vya waridi.

Akahesabu tena. Sita. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani mapajani. Kisha akaitia chini ya hadubini. Aliwajua Waridi kama unavyomjua mwanao kwa nyuma sokoni. Walikuwa wao, vijiti vile vifupi, wawili wawili.

Basi akaelewa yote kwa mpigo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwamba kuna kijidudu kingine nacho hakina haraka, kinapenda baridi, na hakikutoka barafuni. Kinakaa hapo hapo ndani, labda kwenye bomba la pipa ambalo hakuna aliyewahi kulichemsha. Kwamba kila jiwe lilioshwa kwa maji yale. Huenda Waridi yumo kwenye likeni kweli, huenda hayumo; sasa hakuna wa kujua, maana likeni zimekwisha. Miaka mia mbili ya kuota kwenye upepo, yeye amezisaga kwenye kinu na maji ya pipa. Na yule shahidi mmoja ambaye angesema mapema, yeye ndiye aliyekuwa akimtoa nje kila wiki ya pili na kuandika kwa niaba yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alitaka kumwambia binti yake jioni ile ile. Haki ya Mungu alitaka. Alifika nyumbani, vyumba vyao viwili ghorofa ya tatu, akamkuta Dokta amesimama mbele ya kioo cha kabati la nguo, mkono mmoja mfukoni, anafanya mazoezi ya hotuba.

"Mama, kaa hapo kitandani. Wewe ndiye mtahini. Kunja uso."

"Mwanangu, kuna jambo..."

"Kunja uso kwanza! Watahini hawana huruma."

Akakunja uso. Ulikuwa tayari umekunjamana. Dokta akahutubia dakika arobaini bila karatasi, na alipofika kwenye nguzo yake akasema, kwa sauti ya kujiamini: "Na tunajua hawakutoka nje, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili, kila sahani tupu ilibaki safi hadi wiki ya nane." Kisha akavunja kicheko. "Hapo nitakuangalia wewe, Mama. Usije ukapiga mwayo."

Ungesema wewe? Mimi sijui. Mama Baridi alisema hotuba ni nzuri ila anaongea haraka mno.

Siku ya tatu akaenda kwa Profesa. Mzee alikuwa ofisini, anatafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake. Akamwonyesha kichwa, wakacheka kidogo, kisha akasema, "Profesa, nina neno kuhusu sahani tupu." Profesa akaacha kucheka. Akamtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Mama Baridi, mimi nastaafu mwaka huu. Mtoto anatetea wiki mbili zijazo. Neno lolote lile, baada ya hapo. Sawa, mama?" Akafungua droo, akaanza kutafuta kitu kingine ambacho pia hakikuwemo.

Kwa hiyo alibaki na mzigo wake. Bisibisi ilikuwa kwenye kisanduku ukutani. Angefungua bomba la pipa kwa dakika tano akaona kilichomo. Hakuligusa. Badala yake, na hapa ndipo ninapomkasirikia hata leo, alipakaza sahani tupu mpya. Kumi. Maji yale yale, kinu kile kile. Alijiambia kwamba labda ile moja ilikuwa ajali, labda mtu aliifunua wakati hayupo, labda mkono ulitetemeka kwa homa. Hizi kumi zikibaki safi, basi hakuna la kusema. Alijua zinahitaji wiki sita kabla ya kuonyesha lolote. Alikuwa na siku kumi na tano. Alijua, nasema! Lakini moyo ukitaka kudanganywa haupungukiwi na uongo.

Kila asubuhi alifungua kabati, akaziinua kwenye taa. Safi. Siku ya tano safi, siku ya tisa safi, na kila safi ilimpa nguvu ya kurudi nyumbani na kunyamaza siku moja zaidi. Alimpigia binti yake pasi suti. Alimsikiliza akikariri wakati wa kula, wakati wa kuosha vyombo, kupitia mlango wa bafu. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza jirani akagonga kuazima ngazi. Mara ya pili hakuna aliyegonga, na hakusema vile vile. Usiku hakulala vizuri, akasingizia kifua, Dokta akamwamini na kumnunulia dawa ya kikohozi.

Siku ikafika. Ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, viti vya plastiki, feni moja inayolia kama paka. Watahini watatu mbele: Profesa kama msimamizi, mkuu wa idara, na mama mmoja mgeni aliyetoka chuo cha mbali, mwembamba, mwenye kalamu nne zimepangwa mbele yake kwa urefu. Nyuma walikaa wafanyakazi wote wa maabara, mpaka mlinzi wa geti aliyemjua Dokta tangu akiwa na mkoba wa shule. Mama Baridi akakaa mstari wa tatu, ameshika pochi kwa mikono miwili.

Dokta alihutubia vizuri. Taratibu, hakukimbia. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa idara akauliza mawili matatu ya kawaida, akajibiwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha yule mgeni akachukua kalamu ya pili.

"Jiwe lako la kwanza na la kumi na moja," akasema, "yaliokotwa mbali kiasi gani?"

"Kilomita mia nane, mama. Katikati kuna barafu tupu."

"Na bakteria wao wa waridi, ulipowapima vinasaba?"

"Wanafanana kabisa. Kama pacha. Ndiyo ajabu yenyewe."

"Ndiyo ajabu," mgeni akakubali, bila kutabasamu. "Mimi na majirani zangu wa ukuta mmoja hatufanani hata kidogo. Nimeona sahani tupu zilikuwa safi. Daftari nimelisoma, limeandikwa vizuri sana. Nataka tu nihakikishe jambo moja. Sahani zenyewe zilibaki kabatini wiki ngapi?"

"Nane," Dokta akasema. "Zote." Na uso wake ukawaka, akageuka kuelekea viti vya nyuma. "Aliyekuwa akizitunza yupo hapa. Ni mama yangu. Muulize mwenyewe."

Watu wakacheka kwa upendo. Mlinzi wa geti akapiga kofi moja. Yule mgeni akavua miwani na kumtafuta kwa macho.

"Karibu, mama. Zilikaa wiki nane?"

Mama Baridi akasimama. Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni, limeshaiva, alichotakiwa ni kuliachia. Akamwona Profesa anatazama meza. Akamwona binti yake, shingo imenyooka, anamngoja kwa uso ule ule aliomtazamia akiwa na miaka saba, siku alipomwuliza kama baba atarudi. Siku hiyo alimwambia ukweli. Alikuwa jasiri zamani, na hakujua ujasiri ule aliuacha wapi. Na akaona kwamba akisema ndiyo, huyu mtoto atatoka hapa na cheti, atajenga juu yake miaka ishirini, atafundisha wengine, na siku moja mahali fulani mtu atasahau sahani kabatini.

"Wiki mbili," akasema.

Feni ikaendelea kulia. Mgeni akauliza kwa upole, "Mbili?"

"Mbili. Halafu nilikuwa nazitoa. Hizo safu nyingine niliandika tu. Na moja ilisahaulika mwezi uliopita, nikiwa mgonjwa. Ikaota. Mwanangu hakujua. Yeye hakujua chochote."

Siwezi kukueleza uso wa Dokta, na hata wafanyakazi wenzake ukiwauliza watakwambia walikuwa wanatazama sakafu.

Watahini walitoka wakarudi baada ya nusu saa. Hawakuwa wakatili. Walisema tasnifu haiwezi kupita ilivyo, na kwamba sehemu yake kubwa haina pa kusimama mpaka pawepo na likeni nyingine, ambazo ziko ncha ya dunia. Wakamsifu mtahiniwa kwa uwezo wake. Profesa alikusanya karatasi zake. Mchana ule ule Dokta alishuka chumba cha baridi na suti yake, akachukua bisibisi, akafungua bomba la pipa. Ndani lilikuwa na utelezi wa waridi, unang'aa. Alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye sketi iliyopigwa pasi na mama yake.

Mama Baridi alimkuta nyumbani anapanga nguo kwenye begi. Alikuwa amelia akamaliza. Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili, maana mazoea hayajui ugomvi.

"Nakwenda kukaa kwa rafiki yangu," Dokta akasema. "Usiniulize mpaka lini."

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Nilikuwa mfagizi, sikujua kwamba..."

"Usijiite mfagizi kwa hili. Hilo la wiki mbili nimeshakusamehe, nilikusamehe pale pale umesimama. Ulianza sijajua hata kusoma. Kila mtu anakosea sahani, Mama, hata mimi. Ungeniambia ningekwenda mwenyewe kwa watahini, mimi na wewe, tukasema tumekosea. Wasingenipa shahada, lakini nisingesimama pale nimekuonyesha kidole, nimejaa fahari." Akakunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Sahani ile uliiona lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema juzi.

"Siku niliporudi kazini."

Dokta akahesabu. Alikuwa mwepesi wa hesabu tangu chini ya meza.

"Siku kumi na tisa," akasema. "Kumi na tisa, Mama. Umenisikiliza kila siku. Ulinikunjia uso pale kitandani."

"Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nikapakaza nyingine kumi, nione kama ile ilikuwa ajali. Nilizitazama kila asubuhi. Zilikuwa safi, mwanangu. Hata leo asubuhi zilikuwa safi zote."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha mgongoni. Halafu akajisikia. Akasikia alichokisema.

Binti yake alikuwa ameacha kukunja. Alimtazama bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyomvunja mama wa watu, maana hasira angeijua pa kuiweka.

"Zina siku ngapi?" Dokta akauliza.

"Kumi na tano."

"Wiki mbili na siku moja."

"Ndiyo."

"Na ya nane umeshaijaza?"

Mama Baridi akatikisa kichwa. Hapana, safari hii hakuwa ameandika kitu. Daftari lilikuwa wazi kabisa, safu zote nne, na kwa mara ya kwanza tangu aje na koti lile lilikuwa linasema kweli tupu kuhusu sahani. Lakini Dokta alikuwa ameshainama kufunga zipu ya begi, na hakuinua macho kuona.